Mbuzi ngapi ku sayari nyekundu?

Mu taxi ya kwenda Beni nilikuwa nyuma ya kijana mumoja, Ésaïe, mwenye kusoma kitabu ya zamani, mugongo ya kitabu imebomoka. Mbuzi yake ya kwanza ya mahari ilikuwa inalia juu ya taxi. Mama Hulda, muuzaji wa samaki pembeni yake, akauliza: "Papa, unasoma nini mpaka unatoka jasho?"

"Mutu mwenye kuanguka ku sayari nyekundu, mama. Anapiga banyama ya mikono sita, anaoa binti ya mwami, mufalme wao."

"Alitoa mbuzi ngapi?"

"Hata moja."

Mama Hulda akapiga makofi. "Kumbe mwizi! Na luga yao alijifunza lini?"

"Siku mbili."

"Siku mbili! Mimi Kifaransa ingali inanikimbia tangu utoto!"

Taxi yote ikacheka. Mimi pia, juu shule yangu iliisha mwaka wa tatu, na Kifaransa yangu ni kama yake.

"Ni bongo, uongo mutupu, ndiyo," Ésaïe akasema. "Mais lakini kila sura inamuacha karibu na kifo, na haogope. Leo nasema mbele ya bakwe. Bila hii kitabu ningeshuka tangu Maboya kule nyuma, nirudie kwetu juu ya woga."

"Haogope juu hana bakwe! Lete, nione penye batante ya binti, bashangazi yake, bako."

Mama Hulda akakamata kitabu, akaanza kutafuta. Toka pale alifungua tu kurasa, moja kisha ingine.

Beni, taxi ikasimama. Batante bane ya muchumba wake walikuwa wanangoja barabarani, mikono ku kiuno. Ésaïe akashusha mbuzi, akarudi ku dirisha. "Mama, kitabu yangu!"

Mama Hulda hakuinua macho. "Enda, papa, weye uko na mbuzi. Huyu wa ku sayari wanataka kumutupa mu shimo, nimuache namna gani?"