Bujiku Maganga na Maji Machachu ya Bwawa la Kijiji

Marehemu Mwalimu Bujiku Maganga alizaliwa tarehe 4 Juni 1937 huko Maswa, mtoto wa tatu wa mzee Nkuba Maganga. Mwaka 1951 familia ilihamia Usangu na ng'ombe wake, naye akasomea Chimala. Alifaulu hadi chuo cha ualimu, na tangu Januari 1966 alifundisha baiolojia karibu na Mafinga. Hapa kijijini mlimwona mtu wa kuja tu, ingawa watoto wenu ndio aliokuwa akiwafuta ujinga.

Mwaka 1968 alifunga ndoa na Benedicta. Siku za uchumba, badala ya kanga, alimpelekea chupa mbili za maji yenye mwani, ule utando wa kijani wa bwawani. Moja akaikamulia ndimu, akaziweka zote juani.

"Tazama viputo," akamwambia. "Ndani ya mwani mna vijumba vya kijani, kloroplasti. Vinanasa mwanga, vinatengeneza chakula na kutoa oksijeni. Humu mwenye ndimu vimedorora, viputo hakuna."

"Haya, mwalimu," Benedicta akajibu. "Na kanga inakuja lini?"

Mwaka 1974 kijiji kilichimba bwawa la samaki. Mwenyekiti Liberatus, bingwa wa kila kitu, akaamuru ulanzi, pombe ya mianzi, uliochacha umwagwe humo, eti samaki wanenepe. Marehemu akamwendea na chupa zake.

"Mwenyekiti, maji yakichachuka mwani hautatoa hewa. Samaki watakufa."

"Mchunga ng'ombe anatufundisha ulanzi?" Liberatus akasema mbele ya watu. Nanyi mkacheka.

Baada ya wiki mbili samaki wakaelea matumbo juu. Hapo akili zenu zote zikakutana, mkaamua kwamba mwalimu kawaroga samaki kwa chupa. Watu wazima na ndevu zenu. Mkawatoa watoto darasani kwake.

Aprili 1977 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Iringa. Kila Benedicta alipoingia wodini, marehemu alimuuliza, "Wamekubali kwamba sikuwaroga?" Hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumwona. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Mei, bado mnamwita mchawi.

Ameacha mjane, Benedicta. Watoto wawili, Seni na Roza. Na dada yake Leokadia, anayewasomea haya.

Sasa mtapita kutia udongo. Aliyemwita mchawi aseme kwanza, hapa, kwa sauti, kwamba alikosea. Asiyeweza akae alipo. Mwenyekiti Liberatus, weka koleo chini. Watoto wake watamfukia wenyewe.

Lala salama, Bujiku.