Mwanahalima binti Kondo na Theluthi Yake ya Mtumbwi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeiandikia kila nafsi siku yake kabla haijaumbwa, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wazee wangu, mama zetu, na ndugu mliokuja kwa makafi na mliokuja kwa miguu matopeni, ukoo umeamuru usomwe mbele yenu mwendo wa maisha ya dada yetu tuliyemzika leo hapa Mbwera, naye ni Mwanahalima binti Kondo bin Mtoro, Mndengereko kwa asili, wa kisiwa cha Nyakitope, na mama yake ni Mwanamkuu binti Maneno wa Salale.

Marehemu alizaliwa Nyakitope, siku ya Ijumaa, tarehe 9 mfungo sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 1281, akiwa mtoto wa kwanza, na baada yake akazaliwa ndugu yake mmoja tu, Mrisho. Alisoma chuoni kwa baba yake, akahitimu Kurani mwaka 1292, kisha akafundishwa na baba yake huyo elimu ya mirathi, jambo ambalo si wengi huwafundisha binti zao, na neno alilolisikia mara nyingi kuliko yote katika masomo hayo ni kwamba mrithi hafichwi, awe mbali, awe mbaya, awe amekufa.

Mwaka 1298, tarehe 4 mfungo saba, aliolewa na Abdalah bin Huseni wa Salale, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakatangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, akabaki Mwajabu, ambaye yu hai na amekaa hapa na wafiwa. Mumewe alifariki kwa homa mwaka 1310, naye marehemu akarudi Nyakitope kwa baba yake, akashika kazi aliyoifanya mpaka mwisho, kazi ya kukaa tezi, nyuma ya mtumbwi, na kuuongoza.

Wageni waliopo wafahamu kwamba kisiwa chetu hakina maji ya kunywa, kisima chake ni chumvi, na mashamba ya mpunga yako juu mtoni, na makaburi yetu ndiyo haya ya Mbwera, kwa kuwa ukichimba kule dhiraa mbili unakuta bahari. Mitumbwi midogo ya mtu mmoja ipo, lakini wa kubeba mitungi ya maji ya nyumba kumi na tano, na mpunga, na jeneza, ulikuwa mmoja, wa mti wa mvule, alioununua mzee Kondo, na marehemu ndiye aliyeuongoza, akiondoka maji yakijaa na kurudi yakipwa.

Mzee Kondo alifariki tarehe 20 Rajabu 1316, mkewe akiwa amemtangulia, na mirathi ikagawiwa kama Kitabu kinavyoagiza, theluthi mbili kwa Mrisho na theluthi moja kwa Mwanahalima, minazi ikagawanyika, mtumbwi haukugawanyika, wakautumia pamoja miaka saba bila neno.

Katika mfungo tisa wa mwaka 1323, Mrisho alipanda milima ya Umatumbi kuuza chumvi na samaki wakavu kama ilivyokuwa desturi yake, akakuta vita na serikali vimeanza, akapewa maji ya dawa ya kuzuia risasi, akayanywa, akabaki huko, na huko akafa. Habari hiyo ililetwa na wanaume watatu waliorudi alfajiri moja wakiwa hawana hata nguo ya kujisitiri, wakamweleza marehemu siku na mahali, naye akakaa matanga peke yake bila kulia kwa sauti.

Tarehe 3 Ramadhani, siku ya Jumatano, ikatoka amri mitumbwi yote mikubwa ya vijito vyetu ikusanywe bomani, ili waasi wasipate kuvuka, na ya watu wa amani irudishwe kwao baada ya kuulizwa. Wenye mitumbwi wa visiwa vingine waliapa mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwamba mtumbwi ni wake peke yake, na wengine wao walikuwa na ndugu milimani vilevile, wakarudishiwa siku ileile. Marehemu, alipoulizwa na karani, alijibu kwamba theluthi ni yake kwa baba yake, na theluthi mbili zilikuwa za Mrisho bin Kondo, na sasa Mrisho ni maiti. Karani akaandika kwamba mali ya mwasi imetwaliwa na serikali.

Marehemu alimjibu kwa elimu aliyofundishwa, kwamba maiti hana mali, na Mrisho alikufa kabla ya Ramadhani, hana mtoto wala mke, basi mtumbwi ulipokamatwa ulikwisha kuwa wa warithi wake, ambao hawakupigana na mtu. Karani, na haki yake tumpe, aliona jibu lina uzito, akasema, "Lete aliyemwona akifa, atwambie siku." Marehemu hakumtaja mtu, kwa sababu aliyemwona akifa naye alikuwako vitani, na kumleta pale ni kumnyongesha. Akasema, "Kama siku haipatikani, bwana, basi kateni, chukueni omo ya mbele mniachie tezi, mimi tezi yanitosha." Baraza zima likacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa uamuzi, mtumbwi ukabaki bomani.

Alirudi bomani mara kumi na moja, kwa mitumbwi ya kuazima, na kila mara aliukuta mtumbwi wake juu ya mchanga, juani, ukipasuka, akachota maji kwa kibuyu akaumwagia. Askari wa zamu akamtania, "Bibi, unaosha maiti?" naye akajibu, "Ndiyo, mwanangu, maana ninyi hata kuzika mmekataa."

Katika wale watatu walioleta habari ya Mrisho, wawili walikufa kwa njaa iliyofuata vita, akabaki mmoja. Marehemu alimwendea mara moja tu, naye akamwambia, "Dada, tukienda pale, mtumbwi utarudi, mimi sitarudi." Hakumwomba tena. Maneno hayo alitusimulia, lakini jina hakulitaja kwa karani, wala kwa Mwajabu, wala kwetu, ingawa kisiwani tunamjua, na hata tarehe yenyewe hakuitamka, akijua kwamba ataulizwa ameipata kwa nani.

Nyumba kumi na tano zikanywa maji ya kisima. Marehemu aliugua tumbo tangu mfungo tatu uliopita, akakonda, akafariki alfajiri ya jana, Alhamisi, tarehe 6 Rajabu 1325, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, na mtumbwi ungali pale bomani, ubavu umepasuka.

Mmesikia tarehe nyingi katika karatasi hii, na iliyokosekana ni moja, ya kifo cha Mrisho, nayo ndiyo iliyokuwa na kazi. Aliyenayo tumetia naye udongo kaburini mchana huu. Hatumtaji, kwa sababu mwenye haki hakumtaja, wala hatumlaumu, lakini ukoo hauwezi kusimama hapa ukajidai kwamba umeridhika. Umechoka, na hauna wa kumwendea.

Tunamshukuru Mwanabibi aliyemuuguza kwa mizizi na kwa mikono yake, na majirani waliogawana naye kila kibuyu cha maji matamu kilichopatikana, na wapiga kafi wenzake waliofunga mitumbwi miwili midogo ubavu kwa ubavu, wakalaza jeneza juu yake, wakamleta Mbwera bila kumlowesha.

Lala salama, Mwanahalima binti Kondo, Mola akupe kwa ukamilifu ulichonyimwa kwa mafungu. Nanyi mliosikiliza mkiwa mmesimama juani, Mwenyezi Mungu awarudishe makwenu kwa heri, na asimfikishe yeyote kati yenu mahali ambapo ukweli wa mmoja ni kifo cha mwingine. Amin.