Wanafunzi Kumi na Wawili na Kigoda cha Miguu Mitatu

Amahoro, walimu wangu, na asalaam alaykum kwa wale wa kwetu. Mumeniomba niseme yaliyonipata kabla hamujafunga staji yenu, mafunzo haya ya ualimu. Haya, nimesimama. Magoti yanalia lakini mudomo ungali muzima. Majina ya watu sitayataja, hata munipe gunia la ndagala zilizovuliwa Magara.

Mimi ni fundi mbao. Shule niliishia darasa la tatu. Baba alitoka ng'ambo ya ziwa, mama ni wa Kizuka kwenye michikichi, na mama huyo alivyokuwa mukali... tuyaache. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru walimu walikuwa haba, shule ya sekondari hapa Rumonge ikaniita nifundishe useremala. Nilishonesha koti siku hiyohiyo!

Sasa aibu yangu. Utotoni, chuo cha Kurani, tulijifunza kutamka vizuri sana, maana yake tukamwachia shehe. Kifaransa nikakifanya vilevile. Nilipewa kitabu cha useremala cha Kifaransa, nikakitamka, wanafunzi wakatamka nyuma yangu. Ukipita nje ungesema: hapa iko elimu.

Ikafika egzame, mutihani wa mwisho wa mwaka. Karatasi ilisema watengeneze kigoda cha miguu mitatu, bila musumari hata mumoja. Wanafunzi wangu kumi na wawili waliisoma kwa sauti, safi kabisa, mukaguzi akafurahi. Halafu wakatengeneza walichozoea: miguu minne, misumari tele. Wakaanguka wote. Ndugu zangu, nawaambia, baba mumoja alikuja kutoka Gitaza na kigoda cha mutoto wake kichwani, akakitua mbele yangu.

"Fundi, kikalie wewe."

Nikakihesabu miguu: minne.

Direkteri wa shule akatuita walimu wote. "Wakianguka tena mwaka ujao, karakana inafungwa, na fundi anarudi kwake. Nani atawafundisha kusoma na kuelewa?"

Nikawahi: "Kazi hiyo ni ya mwalimu wa Kifaransa."

Mwenyewe akaruka. "Mimi? Patasi sijashika maisha yangu! Nitawaelezaje mambo ya mbao?"

Wa jiografia naye: "Mimi ni mito na milima. Kusoma hakunihusu."

Ndipo wakatuletea mama mumoja kutoka Bujumbura atufanyie staji ya juma moja. Alisema kila mwalimu, wa hesabu, wa mimea, wa mbao, ni mwalimu wa kusoma, maana kila somo lina maneno yake. Akaniita mbele na kitabu changu. Nikasoma vizuri, nikavuta pumzi mahali pake.

"Asante, fundi. Sasa tuambie, hapo panasema nini?"

Ndugu zangu, ningeweza kudanganya. Uongo ulishafika kwenye meno. Lakini akilini nikamwona yule baba wa Gitaza na kigoda chake.

"Mama, sijui. Natamka tu. Na wanafunzi wangu nimewafundisha hivyohivyo."

Wa jiografia akapasuka kicheko. "Kumbe tulikuwa na redio, si mwalimu!"

Mama yule hakucheka. Akamugeukia. "Na wanafunzi wako je? Wanajua wanachosoma, au wanakariri?" Yule akaacha kucheka, akafungua kitabu chake.

Jioni mwalimu wa Kifaransa akanifuata karakana. Akanisomea sentensi, akanieleza maana yake. Mimi nikamuonyesha kwa ubao: huu ulimi, hili tundu lake, vinashikana bila musumari. Alijikata dole gumba, akatukana kwa Kirundi, ndipo nikampenda. Mwaka mzima tulifundishana. Darasani nikaweka sheria: soma sentensi moja, weka kitabu chini, ifanye. Ukikosea, usiniangalie mimi, rudi kwenye sentensi. Egzame iliyofuata walipita wote. Wa jiografia akaja mwenyewe kuuliza tunafanyaje, akaanza kuwaambia wanafunzi wake wachore muto waliousoma.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Ninyi wa pwani hii ya ziwa munajua, sihitaji kusema. Shule ilifungwa. Ilipofunguliwa, walimu wengi hawakurudi. Rafiki yangu wa Kifaransa hakurudi. Wakaletwa vijana ambao walikuwa bado hawajafundisha hata siku moja. Direkteri mupya akauliza nani aliyebaki anajua ile kazi ya staji, ya kuwafundisha walimu.

Ilikuwa mimi. Mutu wa darasa la tatu! Nikawakalisha wenye diploma zao, nikampa wa hesabu swali la kitabu chake: "Soma. Sasa lichore." Akakuna kichwa. Nikajua kazi iko.

Ninajivuna, ndiyo, Mungu anisamehe. Murakoze, asante kwa mama yule wa Bujumbura ambaye hakunicheka. Murakoze kwa baba wa Gitaza. Na rafiki yangu, popote Mungu alipomulaza, kila mwalimu niliyemuandaa alipita kwanza mikononi mwake.

Kesho mukiingia darasani, mutoto akisoma vizuri, musimupigie makofi bado. Muambieni awaonyeshe alichokisoma. Na akisema hajui, kaeni naye, hapo ndipo amewaamini.