Mzee wa Kamera Alipopanda Kitanda Chake

Tarehe 30 Juni, bingwa wetu wa magonjwa ya tumbo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaangalia watu mahali ambapo wao wenyewe hawawezi kujiona. Wauguzi humwita Mzee wa Kamera. Jina hilo analijua, ila hujifanya hajalisikia.

Alipoajiriwa, kitengo kilikuwa na kamera moja ya kuingizwa utumboni na choo kimoja, tena kibovu. Alipigania choo cha pili kabla ya kamera ya pili, na aliyewahi kunywa dawa ya kusafisha tumbo anajua kwa nini tunamheshimu. Amefundisha nusu ya madaktari wa jengo hili na kuwagombeza wote.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na daktari wa picha, yaani mimi ninayeandika haya. Watu wengi huota vifuko vidogo kwenye ukuta wa utumbo mpana, na mara nyingine kimoja huvimba na kuuma vibaya. Kama hakuna usaha wala kutoboka, kwa kawaida hupoa. Je, akishapona, mgonjwa aingizwe kamera kutafuta saratani iliyojificha, au yaishe? Mzee wa Kamera hakumsamehe mtu. Hata aliyepimwa mwaka juzi, picha yake safi, hana dalili yoyote, aliitwa baada ya wiki sita. Kila kikao cha Alhamisi nilimwambia kuwa mtu kama huyo hana haja ya kamera. Naye alinijibu kwamba mimi huwachungulia watu kupitia ukutani, ninyamaze.

Mwaka jana vifuko vikamvimba yeye. Picha nilimpiga mimi: uvimbe wa kawaida. Akapona. Wiki sita zilipotimia, lo! Bingwa akaja kikaoni na bunda la makala za utafiti, akatuhutubia kwamba hatari ni ndogo mno na kamera ya nini. Ni makala zilezile nilizompelekea miaka yote, akazifanya kifuniko cha chai. Nami, bila haya, nikasimama kuitetea kamera. Tulikuwa kama wachezaji waliobadilishana jezi mechi ikiendelea.

Bahati mbaya, makala hizo zinasema pia nani asiachwe: mwenye dalili za hatari, na aliyefikia umri wa kupimwa lakini hajapimwa. Bwana huyu, aliyepima mji mzima, mwenyewe hakuwahi kupimwa hata siku moja. Mkewe aliposikia hivyo, mjadala wa kisayansi ukafungwa.

Siku ya kamera hakuna aliyecheka. Tuliogopa, tena sana. Mwanafunzi wake wa zamani alikuta kinyama kimeota, akakikata. Majibu ya maabara yalichelewa, na Mzee wa Kamera akawa anakuja kukaa benchi la wagonjwa, asijue aweke wapi mikono yake. Hakikuwa saratani. Kingeachwa, huenda kingegeuka.

Siku hizi, kabla ya kuagiza kamera, humuuliza mgonjwa kwanza kama amewahi kupimwa na lini. Wengine huwaruhusu waende zao nyumbani.

Daktari, asante kwa yote, hata kwa makelele. Tunakutakia maisha mema na marefu. Kamera yako ya marudio tumeshaipangia siku. Ukiingia mitini, tutakufuata kitengo kizima hadi mlangoni kwako, maana bado tunakutaka ukiwa hai.