Marehemu wa Kila Jumatano Anastaafu

Tarehe thelathini Juni, fundi mitambo wa studio ya Idara ya Habari na Mawasiliano atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wanafunzi humwita Baba Taa. Wafanyakazi nao humwita hivyo, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu mkuu wa idara hakuniuliza tena, aliniwekea karatasi mezani akaenda zake.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kazi yake kubeba nyaya na kufagia. Studio wakati huo ilikuwa stoo ya vitabu chini ya ngazi. Yeye ndiye aliyepigilia trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, akatandika zulia kuukuu, akatoboa ukuta na kuweka kioo kati ya chumba cha kusomea habari na chumba cha mitambo. Alijua kukata kanda kwa wembe na kuiunga tena bila msikilizaji kushtuka. Sisi wahadhiri tumewafundisha wanafunzi nadharia za mawasiliano, na hatujambo. Lakini kukaa mbele ya kipaza sauti bila kutetemeka wamefundishwa na yeye, na wengi wamewahi kuambiwa kwamba wanameza maneno kana kwamba wameshinda na njaa.

Jina la Baba Taa limetokana na balbu nyekundu. Ameibeba kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwenye kitambaa, kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi hufanya utani kwamba hata harusini aliivaa. Mgeni akiuliza, huambiwa ni ya akiba, ya kuweka juu ya mlango wa studio, ile iliyopo ikiungua. Hiyo ni kweli, ila si yote, na wasifu unaoficha jambo kubwa la maisha ya mtu si wasifu.

Kila Jumatano asubuhi wanafunzi wa mwaka wa pili husoma taarifa ya habari ya mazoezi, ambayo haitakiwi kutoka nje ya chumba. Zamani hizo, nami nikiwa mwanafunzi, habari ikihusu ajali, tulikuwa na mchezo wa kuwaandika wenzetu wa darasani kuwa ndio waliokufa. Mhadhiri alitaka jina kamili, umri, jina la baba na mahali anapotoka marehemu, nasi tuliona ni rahisi kuandika ya mtu tunayemjua. Tulicheka sana.

Jumatano moja balbu ya mlangoni, inayowaka kuonya kwamba studio iko hewani, ilikuwa imeungua. Fundi alikwenda stoo kutafuta nyingine, akaiacha redio ya chuo ikipiga muziki na swichi ikiwa hewani. Darasa liliingia, halikuona taa, likadhani chumba kiko huru. Likapunguza muziki na kusoma. Basi limepinduka, watu kumi na mmoja wamefariki. Wa tatu kutajwa nilikuwa mimi.

Redio ile ilisikika mpaka kijijini kwetu. Mama alikuwa akiiwasha kila asubuhi akipika, kwa sababu nilimwambia ipo siku atanisikia. Mama mdogo aliyekuwa naye anasema aliomba waongeze sauti, wakaongeza, na orodha ikarudiwa mwishoni kama tulivyofundishwa. Mama alitoka uani akikimbilia barabarani. Hakufika. Presha ilimwangusha kwenye kizingiti cha lango, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho.

Nilifika nyumbani alasiri, mzima, na begi langu la madaftari. Niliukuta msiba uliokusanyika kwa ajili yangu umegeuka kuwa wake. Kuna wazee waliponiona waliinuka wakanikimbia.

Fundi alipewa barua ya onyo, na darasa letu likasimamishwa wiki mbili. Alikuja mazikoni. Alichukua jembe kwa wachimbaji akachimba nao mpaka mwisho, kisha akaja kunipa mkono. Sikuutoa wangu. Mjomba alininong'oneza kwamba kosa halirudishi mtu. Niliyasikia maneno yake, na sikutaka kuyaelewa.

Niliporudi chuoni muhula uliofuata nilikuta karatasi mlangoni mwa studio, mwandiko wake. Ilisema: 'Katika mazoezi yote, marehemu ni mimi.' Chini yake aliandika jina lake kamili, umri, jina la baba yake na mtaa anaokaa.

Basi tangu hapo wanafunzi wamemuua kila Jumatano. Amezama, amepigwa radi, ameangukiwa na ghorofa, ameliwa na mamba mahali pasipo na mto. Binti mmoja alimuua mara mbili katika taarifa moja, fundi akaingia kuuliza kistaarabu azikwe kwa kifo kipi. Kila mwaka alibadilisha umri kwenye karatasi, maana alisema uongo usizidi kiasi hata kwenye mazoezi. Mkewe akimletea chakula husimama mlangoni na kutuuliza, 'Leo mume wangu kafa na nini?' Tunacheka. Fundi huangalia kwanza kama swichi ya hewani imezimwa, ndipo acheke.

Mimi nilihitimu, nikarudi kama mhadhiri msaidizi, na nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, kioo kimoja katikati yetu. Nimemwamkia kwa sababu ni mkubwa wangu. Nimemwita fundi, basi. Hakuwahi kunidai neno la ziada, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mwezi Aprili moyo ulimsumbua akalazwa. Jumatano iliyofuata msomaji alifika kwenye jina la marehemu. Alishindwa kumtaja, mtu yuko wodini kweli. Akavua vipokea sauti vya masikioni, akatoka akilia, na zoezi likaishia hapo. Nilitumwa kumpa fundi habari kwamba darasa limeomba utaratibu wake ufutwe. Nilidhani atafarijika. Alijiinua kitandani na dripu mkononi, akanitazama usoni, akaniuliza, 'Wakiacha kuniua mimi, watamuua nani? Mtoto wa nani tena?'

Nilitengeneza shuka lake, nikaondoka, na nililia kwenye ngazi za hospitali kama siku ile ya kizingiti.

Jibu ninalo leo. Jumatano iliyopita niliibandua karatasi yake nikabandika yangu. Ina jina langu kamili, jina la baba yangu na kijiji chetu, vilevile kama mama alivyovisikia. Umri ndio niliosahihisha: miaka arobaini na minane. Kuanzia sasa marehemu ni mimi. Nimewahi kufa hewani, kwa hiyo uzoefu ninao, na nyumbani hakuna tena wa kushtuka.

Idara inamshukuru kwa miaka thelathini na minne. Inamwomba aiache ile balbu mezani kwangu siku ya kukabidhi, mfuko wa shati langu uko tayari. Kwa mama watoto wake, asante kwa kutuazima mume tumuue.

Na kwako mwenyewe, Baba Taa, shikamoo. Umefutwa kwenye orodha. Nenda nyumbani ukaishi.