Aiymkan, Aliyesema Mwisho

Tarehe 30 Septemba, Aiymkan Toktorova anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhesabu kozi, ndege wawindaji, katika kituo chetu cha Ak-Jar, mkoani Naryn. Nimefanya kazi naye muda mrefu, na siandiki haya kwa raha.

Alikuja akiwa kijana, hifadhi ikiwa na darubini moja, na hakuwa mtu wa kuiachia. Ndiye aliyetufundisha kumsoma itelgi, kozi mkubwa wa nyika: kinda ana miguu ya buluu na michirizi minene kifuani, aliyekomaa miguu yake ni ya njano. Ukikosea umri wa ndege, umekosea hesabu ya makinda, na wezi wa viota wanakucheka.

Desturi ya kituo ni yake pia. Wa mwisho kuajiriwa hutaja umri wa ndege kwanza, na Aiymkan humalizia, ili asiwepo wa kumwigiza mkubwa. Aliyekosea alirushiwa naye donge la kurut, jibini kavu gumu kama kokoto. "Miguu, we mbuzi! Tazama miguu!" Dereva wetu, Talaibek, alikosea makusudi, kisha akaokota kurut yake na kuila.

Mwezi Mei alirudia mzaha wake. Kwenye genge la mwamba alitua itelgi jike mzee, miguu ya njano kama siagi. "Kinda huyo, eje," akasema Talaibek, maana wote tunamwita Aiymkan eje, yaani dada mkubwa. "Miguu buluu tupu." Tukainamisha vichwa, tukisubiri kurut. Aiymkan akatazama, akatazama tena.

"Kinda, kweli," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Eje, nilikuwa nakutania," Talaibek akasema.

Akashusha darubini. "Haya, niambieni basi. Ni ya njano?"

Macho yalikuwa yamemtupa mkono tangu vuli. Kwa kuwa alisema mwisho, alirudia tu tuliyosema sisi, nasi tukadhani tumeiva. Daktari wa Bishkek alisema hayatarudi. Aliomba kuondoka mwenyewe, na siku ile nililia nyuma ya gari.

Eje, ahsante kwa kila kozi uliyetuonyesha. Tunakuombea afya, chai isiyopoa na wajukuu wenye kelele. Theluji ikiyeyuka, Talaibek atakuja kukuchukua, ukae mahali pako chini ya genge. Tutasema sisi kwanza, kama kawaida. Uje na kurut. Tutakosea, na siku hizi hakuna wa kutupiga nayo.