Maji ya Ijumaa

Vijana, na wazazi mliokaa huko nyuma, Sabato njema. Mzee wa kanisa ameniomba niseme neno juu ya msamaha. Nitasema, lakini waliokunywa chai sasa hivi wanivumilie, maana habari yangu inanuka.

Nilikuwa na umri wa wengi wenu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, hapa hapa karibu na Nyaramba. Shule nilikuwa nimeiacha kimyakimya. Nilitaka kujua kila kitu isipokuwa kile kilichoandikwa ubaoni: lori linapandaje mlima, pareto yetu ikishakaushwa inakwenda wapi. Kila asubuhi nilivaa sare, nikaenda kuzurura sokoni. Jirani yetu mmoja akaniona, akamwambia baba. Baba alinichapa uani, na dada yangu mdogo akacheka. Nikaapa kwamba jirani yule atanitambua.

Barabarani palikuwa na mbwa aliyekufa, tumbo limevimba, funza wanatembea machoni. Nilimfunga kwa kamba ya mbuzi wetu, nikamburuta kati ya migomba hadi chemchemi ya jirani, nikamsukuma nyuma ya jiwe, pale maji yanapotokea. Manyoya yalibaki yamenata viganjani. Nikacheka. Mjue mnamsikiliza mtu wa namna gani.

Sasa, ndugu zangu, mnajua kwetu mvulana akishatahiriwa hachoti maji. Hiyo ni kazi ya mama na wasichana, na sisi hata hatuulizi yanatoka wapi. Kwa hiyo sikujua kwamba kila Ijumaa, kwa kuwa lazima achote ya siku mbili kabla Sabato haijaingia, mama aliacha kwenda mtoni. Alichota hapo karibu, kwa jirani.

Sabato asubuhi akanipa uji wa wimbi. Ulikuwa na utelezi.

"Mtungi huu una nini?" mama akasema. "Haya, kunywa, tutachelewa."

"Nani alikuchotea?" nikamuuliza.

"Tangu lini wewe unauliza mambo ya maji? Nimechota hapo kwa jirani, kama kila Ijumaa."

Dada alikuwa amemaliza wake, analamba kikombe. Ningeweza kusema. Nikanywa. Mpaka leo nikikumbuka, ulimi hujikunja.

Kanisani, kabla mahubiri hayajaisha, dada alitapika kwenye gauni lake. Alilala kitandani wiki nyingi, akabaki macho na mbavu. Mama alimpa maji zaidi ili apone. Mimi sikungoja kuona mwisho. Nilitorokea Keroka, nikawa napakua malori, nalala juu ya magunia, na maji ya chemchemi siyagusi. Nilikunywa pombe za kila aina, hata zile zenye vitu vinavyoelea.

Na dini je? Nilizijaribu zote, maana udadisi haukuniacha. Mahali waliposali kwa kelele nilipiga kelele, waliponong'ona nikanong'ona. Kila mahali nilitubu. Nilitubu sukari niliyoiba, nikatubu matusi. Mbwa sikumtaja hata mara moja. Kinyaa kikubwa kuliko mzoga ni mimi niliyelia mbele za watu kwa ajili ya sukari.

Baadaye, Keroka, mtu wa kwetu aliniambia dada yu hai, ameolewa Magwagwa. Nikarudi. Sabato niliyofika ilikuwa ya Meza ya Bwana, na mnajua utaratibu wetu: kabla ya mkate, watu huoshana miguu, wanaume upande wao. Nilitaka kutoroka tena. Jirani yule akanishika mkono, akapiga magoti mbele yangu na karai.

"Leta mguu."

"Mzee, usiniguse. Miguu yangu inanuka."

"Pua ninayo. Leta."

"Ni mimi niliyetia mbwa."

Hakuinua kichwa. "Najua. Nilimtoa kwa mikono hii, vipande vipande. Kamba ilikuwa ya mbuzi wa baba yako."

"Mbona hukusema?"

"Baba yako angekuvunja. Na mke wangu alitapika siku tatu, kijana! Nimekuchukia mpaka nikachoka. Leo namaliza. Huo mwingine."

Nililia, na safari hii haikuwa kwa ajili ya sukari. Kisha akavua viatu vyake. "Zamu yako, omwana one. Au wewe ni wa kuoshwa tu?"

Nikamwosha, mimi mtoto wake, kama alivyoniita. Kesho yake nikamwambia mama. Alitema mate, akaingia ndani, na jioni akatoka, akanishika bega. Nikaenda Magwagwa kwa dada. Alinitazama sana.

"Kumbe nilikunywa mbwa. Na wewe ukaninyima hata habari." Kisha: "Umekula?"

Ndugu zangu, hakuna aliyeniambia kwamba lilikuwa jambo dogo. Walilitazama lilivyo, wakaziba pua, wakanishika. Ndivyo Kristo anavyosamehe, nami nawashukuru hao watatu. Wewe kijana unayetubu sukari, acha. Mtaje mbwa wako.

Makarai yako nje, na leo tunaoshana. Maji nimeyachota mwenyewe jana, Ijumaa, katika chemchemi ile ile. Wanaume wenzangu walinicheka njia nzima. Kabla sijajaza mtungi, niliyanywa.